Tega, Kisha Subiri: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Watoto Nje Bila Pozi

Fungua albamu ya familia yoyote ya pwani, iwe ya Tanga, Unguja au Mombasa, utazame picha za miaka ya sabini na themanini. Watoto wamesimama wima wakifuatana kwa urefu, mikono imebanwa mapajani, midomo imefungwa. Si kwamba watoto wa enzi zile walikosa furaha. Picha ilikuwa ghali. Filamu moja ilitoa picha 36, kila moja ina gharama ya kusafishwa na gharama ya kuchapwa, na mtoto akitikisika fedha imepotea. Wengi walipelekwa studio kabisa, kama ile ya Capital Art iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, wakiwa na nguo za Sikukuu na nywele zilizochanwa, wakaambiwa: "Tulia! Tazama hapa! Usitikisike!" Nazipenda picha hizo, na ya bibi yangu siitoi kwa bei yoyote. Lakini leo simu ya mfukoni inapiga mamia ya picha bila kudai senti, na amri yetu kwa watoto ni ile ile: tulia, tazama hapa.

Mwongozo huu ni wa kuiacha amri hiyo. Nimepiga picha za familia ufukweni Tanga na Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kama kuna jambo moja ningependa mzazi ashike, ni kwamba picha ya mtoto anayecheza haipatikani kwa kumkimbiza. Hupatikana kwa njia ya mvuvi wa dema. Mvuvi huyu hamfukuzi samaki. Anajua samaki hupita wapi, anatega dema lake pale, kisha anaondoka na kungoja. Nawe chagua mwanga na mahali kwanza, panga fremu ikiwa bado tupu, halafu mwache mtoto aingie mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua saa, upande na maji

Kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda wima na kushuka wima. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Mwanga laini wa jioni una kama saa moja tu. Ukipanga kutoka saa kumi na mbili, ukakuta foleni barabarani, siku imekwisha. Mimi huwaambia familia wafike saa kumi na nusu, kwa sababu nusu saa ya kwanza watoto bado wanaichungulia kamera, na huo ndio muda wa kuwaacha wazoee. Asubuhi ni nzuri zaidi kwa wadogo: kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa mbili, wameshalala vya kutosha, hawajachoka, na upepo bado haujachachamaa.

Mchana jua huwa utosini. Mapema Machi na mapema Oktoba linasimama wima kabisa juu ya Dar es Salaam. Macho ya mtoto yanakuwa mashimo mawili meusi na pua inadondosha kivuli mdomoni. Ikikulazimu kupiga saa hiyo, nenda chini ya mwembe, barazani au upenuni, lakini usimweke mtoto katikati ya kivuli. Mtafutie ukingoni, hatua moja tu kutoka kwenye jua, uso ukielekea uwanja ulio wazi. Mwanga wa anga humwingia usoni taratibu, na mchanga mweupe ulioko nje ya kivuli humulika chini ya kidevu. Angalia tu madoa ya mwanga yanayopenya kati ya majani. Doa moja likianguka shavuni huvuta jicho kuliko tabasamu.

Halafu jua ufukwe wako unatazama wapi. Pwani ya bara, kutoka Tanga hadi Kilwa, inatazama mashariki: jua linatoka baharini na kuzama nyuma ya minazi na majumba. Basi jioni ukiipa bahari mgongo, watoto watakuwa mbele ya jua, nywele zao na mabega yao yatazungukwa na uzi wa dhahabu. Ukiipa nchi kavu mgongo, nyuso zao zitamulikwa na bahari nyuma yao itakuwa na rangi kamili. Kwa Mji Mkongwe wa Unguja mambo ni kinyume. Unatazama magharibi, ndiyo maana pale Forodhani, wavulana wanaporuka majini jioni, unaona maumbo meusi yamechorwa juu ya anga nyekundu. Umbo la namna ile ukilitaka Dar, amka alfajiri.

Mwisho ni maji, na hapa watu wengi wa mijini hukosea. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa sana asubuhi, kama saa nne hivi, na jioni saa kumi yanakuwa yamejaa hadi kwenye minazi. Ukitaka ule mchanga wenye maji kidogo unaong'aa kama kioo jioni, usiende siku ya bamvua. Nenda siku saba hivi baadaye, wakati wa maji mafu, ambapo kupwa huangukia jioni. Ukitaka watoto waruke na kurusha maji, bamvua ndiyo siku yako. Muulize mvuvi yeyote, atakupa saa bila kuangalia kitabu.

Hatua ya pili: panga fremu kabla mtoto hajaingia

Kuna picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha Mhungari, ya miaka ya 1930 mwanzoni, inayojulikana kuwa ya Ziwa Tanganyika. Wavulana watatu, uchi, wanakimbilia mawimbi. Wametupa mgongo. Hatuoni uso hata mmoja, lakini hakuna anayeitazama asijue furaha yao. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyekuja kuwa mwalimu wa dunia katika fani hii, alisema picha hiyo ndiyo iliyomwonyesha kwamba kamera inaweza kunasa dahari katika nukta moja.

Itazame kwa jicho la fundi. Miili mitatu imetengana: kati ya mmoja na mwingine kuna mwanya wa mwanga, kwa hiyo kila mkono na kila mguu unasomeka. Nyuma yao hakuna kitu ila povu. Wanaelekea mahali, na mahali hapo pamo ndani ya picha. Mambo hayo matatu, mwanya, nyuma safi na njia ya kwenda, ndiyo nusu ya kazi yote.

Anza na nyuma. Kabla watoto hawajafika pale unapotaka, inua simu utazame fremu tupu kama unayetaka kuitundika ukutani hivyo hivyo. Kuna nguzo ya umeme? Ikiachwa itaota kichwani mwa mtu. Kuna ndoo ya bluu, gari jeupe, mfuko wa nailoni umenasa kwenye kichaka? Jicho litakwenda huko kwanza. Mara nyingi huhitaji kuondoa chochote. Hatua mbili kushoto zinatosha. Ukuta wa chokaa, ubavu wa mashua iliyopandishwa, ua la makuti, bahari iliyotulia, shamba la mkonge lenye mistari iliyonyooka: nyuma za namna hii hazigombani na mtoto.

Sasa urefu wa kamera, jambo ambalo likieleweka hubadilisha picha za mtu siku hiyo hiyo. Mahali tambarare kama ufukweni, mstari wa upeo, pale bahari inapokutana na anga, hukata kila kitu kwa kimo cha kamera yako. Kamera ikiwa sentimita 85 juu ya mchanga, mtoto wa sentimita 100 aliyesimama mbele yako, kwa umbali wowote, atakatwa na mstari huo shingoni. Chuchumaa hadi sentimita 40, mstari utashuka mapajani, na kifua, mikono na kichwa chote kitasimama juu ya anga tupu. Mtoto anayetembea kwa kuyumba, wa mwaka na miezi, atahitaji uweke kiwiko mchangani. Njia ya pili ni kupanda juu kabisa: simama kwenye ngazi au ukuta, mchanga ujaze fremu nzima nyuma yake, na nyayo zake zionekane zilikotoka. Kinachoharibu ni ile katikati ya mtu mzima aliyesimama na kuinamisha simu kidogo. Mtoto huonekana kichwa kikubwa, miguu mifupi, kama anavyoonwa na kila mtu kila siku.

Mwachie mtoto nafasi mbele. Anayekimbia kuelekea kulia awekwe upande wa kushoto wa fremu, ili awe na pa kukimbilia. Anayetazama juu apewe anga. Na ukikata mwili, usikate kwenye kiungo. Picha inayoishia vifundoni au viganjani humfanya mtoto aonekane ameng'olewa. Kata katikati ya paja au usikate kabisa.

Ukiwa na watoto watatu au wanne, kazi yako kubwa ni ule mwanya. Hawatakaa sawa, wala usiwaambie. Wewe sogea. Nusu hatua kulia, vichwa viwili vilivyobebana vinaachana. Ninapotega, huwa nayumba polepole huku na huku kama mtu anayesikiliza taarab, nikitafuta pale ambapo mwanga unapita kati ya kila bega na bega.

Ukipata pahali penye mlango ndani ya fremu, patumie: mlango wa nyumba wenyewe, dirisha lenye nondo, nafasi kati ya mashua mbili, matawi ya mkungu yaliyoinama. Weka kamera upande wa kivuli, utazame kule kwenye mwanga, na ungoje mtoto apite kwenye uwazi. Hili ndilo dema lenyewe hasa.

Hatua ya tatu: andaa kifaa, kisha kisahau

Safisha lenzi. Simu ya mzazi ina mafuta ya mkono, unga na vidole vya mtoto mwenyewe, na ule ukungu unaoonekana kwenye picha za kuelekea jua mara nyingi ni uchafu tu. Kitambaa laini cha pamba kinatosha.

Kwenye kamera, kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera hufunguka kupokea mwanga, isiwe chini ya 1/500 kwa mtoto anayekimbia, na 1/1000 kwa anayeruka majini ukitaka kila tone lisimame. Anayetembea au kula atatosheka na 1/250. Lenzi ya milimita 35 au 50 inakulazimisha uwe karibu, na ukaribu ndio unaotakiwa. Kwenye simu, kaa kwenye lenzi kuu. Ile pana zaidi huvuta nyuso zilizo pembezoni zikawa ndefu, na ukikuza kwa vidole unapunguza tu ubora wa picha. Afadhali utembee hatua tatu mbele. Tumia kitufe cha sauti kupigia ili uishike simu kwa mikono miwili, na ujifunze kabla ya kutoka nyumbani jinsi simu yako inavyopiga picha za mfululizo.

Rangi ya ngozi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu vifaa hivi havikutengenezwa kwa kututazama sisi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zililinganisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Filamu na mashine zikazoea ngozi ile. Simu za leo zimeboreka sana, lakini bado hukisia. Kipimo cha mwanga hutaka kila fremu iwe ya wastani. Mtoto mweusi mbele ya mchanga mweupe atageuzwa kivuli, kwa kuwa mchanga ndio umepimwa. Mtoto yule yule kwenye kivuli kizito cha mwembe atapaushwa, akatoka na ngozi ya majivu. Bonyeza uso wake kwenye kioo, shikilia hadi kipimo kijifunge, kisha sogeza alama ya jua: panda kidogo ukiwa mchangani, shuka kidogo ukiwa kivulini. Kwenye kamera, pale pa kuongeza na kupunguza mwanga (+/−), ni kama +0.7 hadi +1 mchangani na −0.3 hadi −0.7 kivulini.

Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao wake zaidi ya vivuli vyake. Mtoto aliyetoka kuoga, akapakwa mafuta ya nazi, ukamweka ukingoni mwa kivuli, paji la uso na mashavu yatabeba anga nzima. Kwenye jua kali mafuta hayo hayo hutoa madoa meupe, kwa hiyo picha za mafuta zipigwe barazani au jua likishalainika. Na tafadhali zima ile programu ya urembo inayolainisha na kung'arisha uso. Mtoto atakuja kuitazama picha hii akiwa mkubwa. Aikute rangi yake.

Ukishapanga hayo, usiyaguse tena. Niliwahi kuwa na mpwa wangu wa miaka minne siku ya kwanza aliporusha tiara. Ilipopanda, akaachia kicheko na kugeuka kumtafuta mama yake. Mimi nilikuwa nimeinamia kamera nikibadilisha namba. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshamkimbilia. Tiara ninayo kwenye picha kumi na mbili. Kicheko kile kimebaki kwa mama yake na kwangu tu.

Hatua ya nne: wape mchezo

Watoto wetu wakiona kamera huja wenyewe: "Tupige! Tupige!" Vidole viwili juu, miwani ya mtu mwingine, mmoja anakunja mikono kama mwanamuziki. Wapige. Wapige picha ishirini, uwaonyeshe, wacheke, watake nyingine, uwapige tena. Usiwakatalie wala usiwafanyie haraka. Baada ya dakika kumi na tano kamera imekuwa kitu cha kawaida, na hapo unakaa chini.

Kukaa ni muhimu. Mtu mzima aliyesimama na kamera ni mgeni; aliyekaa kwenye mkeka akinywa dafu ni mjomba. Sema machache. Ukitaka watoto wasogee kwenye fremu uliyotega, usiseme "simama pale". Sema "hivi kutoka hapa hadi kwenye ile mashua, nani atafika kwanza?" Au mtume mmoja: "Mwanangu, hebu nenda kamwokotee bibi lile gamba la kombe." Atakwenda, atainama, atalichunguza, atarudi akikimbia. Umepata picha nne na hakuna aliyeambiwa acheke.

Michezo yenyewe ina mapigo, na anayeyajua hapigi ovyo. Kuruka kamba kuna nukta ya juu ambapo mwili husimama hewani kabla ya kushuka. Ndipo nywele zimeinuka na uso umefunguka. Hesabu mizunguko miwili au mitatu bila kupiga, ushike mwendo, kisha bonyeza kidogo kabla ya nukta hiyo, kwa kuwa kidole na simu vina uzito wao. Kwenye rede, usimfuate anayerusha mpira. Aliye katikati, anayekwepa, ndiye mwenye picha: anajikunja, anajitupa, na nyuma yake mrushaji wa pili ameshainua mkono. Simama upande, mstari wa wachezaji watatu upite mbele yako kutoka kushoto hadi kulia. Gololi ni mchezo wa chini, basi lala chini. Lenga jicho lililofumbwa na kidole kilichokunjwa, na uwaache watazamaji wawe miguu tu nyuma. Mdako ni macho: jiwe likiwa hewani, msichana huangalia juu huku mkono ukifanya kazi chini, na hali hiyo haidumu hata sekunde moja.

Kombolela ni zawadi. Aliyejificha nyuma ya ukuta hakuoni kabisa. Nafsi yake yote iko kwa anayetafuta. Kaa naye upande wa maficho, kimya, uone vidole vya miguu vikijikunja na kiganja kimeziba mdomo. Sijaona uso wa mtoto ulio wazi zaidi ya ule wa anayekaribia kugunduliwa. Kwa anayesukuma ringi la baiskeli, jaribu kinyume cha kila nilichosema juu ya kasi: shusha shata hadi 1/30, mfuate kwa kugeuza kiuno mwendo ule ule, ubonyeze huku ukiendelea kugeuka. Nyingi zitaharibika. Moja itakayotulia itakuwa na mtoto anayesomeka na dunia nzima inayopita kama mistari.

Na chandimu, wapige baada ya goli, si wakati wa goli. Mpira ukishaingia, aliyefunga hukimbia bila kujua anakokwenda, na aliyefungwa hutazama chini. Picha zote mbili ni za familia.

Kula nako ni mchezo. Mahindi ya kuchoma, embe la kufyonza, ubuyu unaoacha midomo myekundu hadi kidevuni. Mama atainuka na kitambaa. Mwombe kwa upole asubiri dakika mbili. Ule wekundu ndio utakaomfanya kijana wa miaka ishirini acheke akiiona picha.

Kwa watoto wa majini nina sharti moja lisilo na mjadala. Mwenye kamera hahesabiwi kuwa mlinzi. Anayetazama kupitia kioo anaona pembe, haoni mkondo. Pawe na mtu mzima mwingine anayejua kuogelea, asiye na simu mkononi, na kazi yake iwe kuwatazama watoto tu. Asipokuwepo, kamera inarudi mfukoni.

Hatua ya tano: waingize wakubwa

Picha za familia zina pengo linalojulikana: anayepiga hayumo. Nyumba nyingi leo ni mama ndiye mwenye kupiga, kwa hiyo mtoto atakua na picha elfu za baba, shangazi na bibi, na za mama yake chache za kujipiga mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa. Tega fremu, kisha mpe kamera mtoto mkubwa wa miaka kumi, umwonyeshe pa kusimama, nawe ingia. Watoto hupiga vizuri kuliko tunavyodhani, maana kimo chao tayari ni sahihi.

Babu na bibi hawataki kushtukizwa, na hawapaswi kushtukizwa. Anza na shikamoo, kaa, ongea, omba ruhusa, na umpige kwanza picha yake rasmi anavyoitaka yeye: kanzu imenyooka, kofia imekaa, ushungi umetengenezwa. Ni haki yake. Ukishamwonyesha na kuridhika, atarudi kwenye shughuli yake, na mjukuu atamjia mapajani kama kila siku. Hapo huhitaji hata nyuso zote. Mkono wa babu ulioshika mkono mdogo, ukiwa na saa ile ile aliyoivaa miaka yote. Kidole cha mtoto kikipita kwenye mistari ya hina. Mguu wa baba, suruali imekunjwa hadi magotini, na mtoto ameukumbatia wimbi linapokuja. Mkate mtu mzima kiunoni bila woga. Mtoto atabaki mzima na ulimwengu wake utaonekana kwa kimo chake.

Wakati wa kuondoka usifunge kamera. Safari ya kurudi kwenye gari au daladala hutoa picha nyingi kuliko ufukwe wenyewe: mmoja amelala begani, viatu viko mkononi mwa shangazi, mchanga umeganda magotini, na kila mtu ameshasahau kuwa kulikuwa na kupiga picha.

Kabla hujaituma

Watoto wa jirani walioingia kwenye mchezo ni watoto wa watu. Nenda kwa mzazi wao siku hiyo hiyo, umwonyeshe, umwambie utaitumiaje. Kama unapiga kwa biashara, hili halina hiari: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Lakini hata kwa wa nyumbani, mtoto mwenyewe aulizwe. Wa miaka sita anajua kusema "hiyo sitaki". Ifute mbele yake, aone. Siku nyingine atakuamini zaidi.

Picha za watoto wanaooga bila nguo zibaki nyumbani, hata kama ni nzuri mno. Sare yenye nembo ya shule na namba ya nyumba visiwemo kwenye picha inayokwenda mtandaoni. Simu nyingi huandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa. Zima jambo hilo kwenye mipangilio ya kamera, kwa sababu ukiituma picha kama dokumenti ili isipungue ubora, mahali hapo huenda nayo.

Kuchagua na kuchapa

Usichague siku ile ile. Jioni ya kwanza bado unakumbuka jua, kicheko na harufu ya samaki, na unadhani vyote vimo kwenye picha. Ngoja siku tatu. Kisha pitia zote haraka, uweke alama pale tu jicho linaposimama lenyewe. Rudia mara ya pili ukiangalia mikono na mianya. Kati ya mia tatu nikibaki na kumi na tano nimeridhika. Ukungu kidogo wa mwendo sikatai, wala macho yaliyofumbwa kwa kicheko. Ninachokataa ni picha ambayo mtoto anafanya kile alichoambiwa.

Kurekebisha kuwe kudogo: nyoosha mstari wa bahari, maana bahari iliyoinama humsumbua kila anayeitazama, inua vivuli kidogo usoni, ukate pembeni pasipo na kazi. Ukikuta unahangaika na picha kwa nusu saa, tatizo liko kwenye kutega, na dawa yake ni kurudi ufukweni Jumamosi.

Kisha zichape. Simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa. Hifadhi nakala mahali pawili, na kumi na tano zako zipeleke studio zikachapwe saizi ya posti kadi, za kushikwa na kupitishwa sebuleni. Geuza kila moja, na kwa kalamu ya wino usiofutika yenye ncha laini, bila kukandamiza, andika nyuma: majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, ukoo, mahali, mwezi na mwaka, na mchezo uliokuwa ukichezwa. Acha wino ukauke kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine.